Saini ya Mama Nyuma ya Mlango

Leo nimegundua mama yangu anajua kusaini. Hata yeye mwenyewe alikuwa hajui.

Tulikwenda ofisi ya kijiji hapa Kang'ata kuulizia vocha ya mbolea ya ruzuku. Mtendaji akamwamkia mama vizuri, kisha akasema majina ya waliopata yamebandikwa humo humo ofisini tangu mwezi uliopita, kila mtu ayaone.

Tukatafuta kuta zote. Hakuna kitu.

Mara upepo ukaufunga mlango. Kumbe orodha iko nyuma yake, na mlango wenyewe kutwa unaachwa wazi, umeegemea ukuta.

Nikasoma. Jina la mama lipo. Mifuko miwili, amepokea, na saini ya mikunjomikunjo kama ya waziri.

Mama yangu huweka dole gumba, maisha yake yote.

Nikamwonyesha. Akaitazama weee, kisha akamgeukia mtendaji kwa upole:

"Baba, kusaini nimeshajua. Sasa nikumbushe na mbolea niliiweka wapi."

Mtendaji akainuka, akafungua mlango mpaka ukagota ukutani. Akasema ofisi yake inafanya kazi kwa uwazi.

Jamani, huko kwenu mlango uko wazi kiasi gani?