Alida Alivyofunguliwa

Médiatrice alikuwa mlevi wa adabu. Hakuyumba barabarani, hakumtukana mtu, na duka lake la mtaani Kabeza lilikuwa wazi kila asubuhi kabla wanafunzi hawajapita. Ndani ya chupa ya chai iliyokaa nyuma ya kaunta mlikuwa na pombe kali iliyotiwa chai ya rangi. Mkobani mlikuwa na vidonge vya usingizi, ambavyo daktari mmoja alimpa avitumie kwa muda mfupi tu, mumewe alipomwacha, naye akaendelea kuvinunua mwenyewe kwa miaka. Wateja walimsifu kwa upole wake. Tusidanganyane: upole mwingi tunaousifu mjini hapa unatoka famasi. Aliyeujua ukweli wote ni dada yake Alida, kwa kuwa naye alikuwa hivyohivyo, ila yeye hakujua kujificha.

Alida ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza, na mama yao aliitwa Mama Alida tangu walipokuwa Bujumbura, mtaa wa Bwiza, alikowalea wote wawili. Alida alipofukuzwa kazi mara ya pili, Mama Alida alimpeleka Kabuga, pembezoni mwa mji, kwenye nyumba ya maombi iliyokuwa na sifa kubwa. Pale sharti lilikuwa moja: unaingia mikono mitupu. Basi mama akamwaga pombe yote, akavitupa vidonge chooni, na Alida akawekwa ndani kufunga na kuomba pamoja na akina mama wa pale. Médiatrice alikwenda nao, akiwa na vyake mkobani, na hakuna aliyefikiri kumpekua.

Baada ya siku chache Alida alianza kutetemeka na kutokwa jasho, akawa anafukuza wadudu ukutani ambao wengine hawakuwaona. Kisha akakakamaa, akarusha miguu. Akina mama wale walipiga vigelegele, maana walijua kwa hakika kwamba pepo hatoki bila kupiga mateke. Mama Alida aliimba kuliko wote. Médiatrice alishika miguu. Alida alipotulia, walishukuru kwa muda mrefu, hadi mmoja wao alipomgusa usoni.

Ulikuwa msiba, na Mama Alida alilia kama mama yeyote. Lakini alikuwa na kitu cha kushika. Siku ya mazishi alisimama mbele ya watu akasema mwanawe alifunguliwa kwanza, ndipo akachukuliwa. Neno hilo alilisema tena siku ya kuondoa kilio, matanga yalipokwisha, akalisema sokoni, akalisema kwa wageni waliokuwa hawajauliza. Ndilo lililokuwa chakula chake, na lilimtosha.

Mwaka uliofuata Médiatrice alitaka kuacha. Alianza peke yake, kimyakimya, kama alivyokuwa amefanya kila kitu. Asubuhi ya pili mikono ilimtetemeka mpaka akashindwa kumpimia mteja sukari, na alasiri akaona siafu wanapanda kaunta. Alipopangusa, kitambaa kikatoka kikavu, hakina hata siafu mmoja. Alishikwa na hofu mbaya. Akameza kidonge, akanywa chai yake ile, akafunga duka, akaenda hospitali.

Daktari Mugenzi alikuwa amekulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alimsikiliza bila kumkatiza.

"Umefanya vizuri kuja," alisema. "Usiache tena peke yako. Mwili wako umeshazoea vitu hivi viwili, na ukivikata ghafla unaweza kupata kifafa. Tutakulaza, tutakupa dawa badala yake, halafu tutaipunguza polepole. Kwa upande wa vidonge itachukua miezi."

"Mtu akikata vyote kwa siku moja?"

"Anaweza kufa."

"Hata kama ni mtu mwenye nguvu zake?"

"Hata huyo."

Médiatrice alielewa kila kitu papo hapo, na alitamani asingeelewa.

Daktari akaongeza kwamba aje na mrwaza. Hospitali za kwetu ndivyo zilivyo: mgonjwa halali peke yake, lazima awe na mtu wa kumletea chakula, kumfulia, kukaa kando ya kitanda. Huyo ndiye mrwaza. Na kwa ugonjwa huu, alisema daktari, ni lazima awe ndugu wa damu, wa kumtilia sahihi akizidiwa, na daktari mwenyewe angekaa naye chini na kumweleza dalili zote za hatari, moja moja, ili asije akaziona akadhani ni kitu kingine.

Hapo ndipo pagumu. Ndugu wa damu aliyebaki alikuwa mmoja. Aibu ya ulevi Médiatrice angeivumilia. Lakini kumkalisha mama yake mbele ya daktari ili aelezwe, dalili kwa dalili, jinsi Alida alivyokufa, hilo hakuliweza. Alimwomba jirani yake Ingrid awe mrwaza, Ingrid akakubali mara moja, hospitali ikamkataa. Basi Médiatrice akarudi kwenye chupa yake ya chai. Alifikiri kufa ni rahisi zaidi, na alilifikiria jambo hilo kwa utulivu, akiwa anapanga sabuni kwenye rafu.

Ingrid ndiye aliyesema, kwa nia njema, na nia njema ina mdomo mpana. Mama Alida alifika dukani amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Weye pia!" alisema. "Iko pepo ileile ya dada yako. Njo twende Kabuga leo leo. Leta iyo sakoshi."

Aliushika mkoba. Médiatrice naye akaushika, na kwa muda mama na binti walivutana juu ya kaunta mbele ya wateja. Kufa peke yake dukani Médiatrice alikuwa tayari; kumfia mama yake mikononi, kama Alida, hakuwa tayari.

"Mama, twende kwanza kwa daktari. Umsikilize tu. Ukishamsikiliza, kama bado unataka, nitakupa sakoshi mwenyewe."

"Daktari atanifundisha nini miye?"

"Twende, mama. Nakuomba."

Daktari Mugenzi hakuwahi kuambiwa habari za Alida. Aliyaeleza aliyopaswa kuyaeleza, kwa heshima, akitumia mikono yake. Kwanza atatetemeka na kutoa jasho. Anaweza kuona vitu visivyokuwapo, wadudu kwa mfano. Mwili ukikakamaa naye akarusharusha miguu, usimkandamize, mlaze ubavu, utuite mbio, tuna dawa ya kuzuia.

Mama Alida hakumtazama binti yake. "Daktari," alisema, "na kama watu wanamushika, wanamuombea?"

"Maombi hayamdhuru mtu, mama. Kinachoua ni kuchelewa."

"Iyo dawa ya kuzuia, mnakuwa nayo siku zote?"

"Siku zote."

"Hata hospitali ya huko Kabuga?"

"Hata huko, mama."

Alishukuru, akatoka nje, akakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Médiatrice aliona mgongo wake kwa muda mrefu, na alikuwa na hakika kwamba angeinuka na kwenda zake. Aliinuka, akarudi ndani. "Mrwaza ni miye," alimwambia muuguzi. "Andika."

Zilikuwa wiki mbaya. Médiatrice alitapika, akalia, akaita watu waliokufa, na mama yake akambadilisha nguo na kumnywesha uji kijiko kwa kijiko. Hakukosea hata mara moja. Kila binti yake alipotetemeka kupita kiasi, Mama Alida alikuwa tayari mlangoni anaita. Kwaya ilipokuja kuwaimbia wagonjwa, alichukua ndoo, akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Médiatrice alipona, kwa kadiri mtu anavyopona ugonjwa huu. Vidonge vilipunguzwa mwezi hadi mwezi, duka likafunguliwa, mikono ikarudi kupima sukari. Daktari alikuwa amemwonya kwamba ulevi hula uongo, basi aache uongo hata ule mdogo, na alijitahidi. Alimwambia Ingrid yote. Aliwaambia hata wateja waliouliza alikuwa wapi.

Mama yake alihamia kwake. Kuhusu kufunguliwa kwa Alida hakusema tena, kwa mtu yeyote. Jioni moja walikuwa wanachambua maharage uani, akaacha mikono juu ya ungo.

"Ile siku," alisema, "tulipomushika. Alikuwa anatusikia?"

Alida aliwasikia. Kabla meno hayajabanana alimwita mama yake, akamwita tena, akasema nipeni dawa yangu nakufa. Mama yake alikuwa anaimba kwa sauti kubwa. Aliyesikia ni Médiatrice, pale miguuni.

"Hapana, mama," alisema. "Alikuwa kama amelala. Hakusikia kitu."

Mama Alida aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua. Kesho yake, jioni, akauliza tena.