Bartolomeo na Darasa la Kuitikia

Bartolomeo hajawahi kumtukana mtu, halewi, na Jumapili akisoma somo la kwanza kanisani hata watoto wakorofi hutulia. Nayaandika haya mwanzoni msije mkasema nimemwonea. Sasa niseme yaliyonikera.

Alizaliwa upande wa Mbulu, akaingia seminari, akatoka kabla ya upadri. Kwa nini alitoka hasemi, na mimi sifunui vyungu vya wenzangu. Alitoka na Kilatini. Hapa Karatu Kilatini hakikupi hata kitunguu, lakini akagundua kwamba Kiingereza cha wanyama na wadudu kimejaa maneno ya kule seminari, yale yanayoishia na a, aliyoyaita majina ya kike. Akapanga chumba cha mbao nyuma ya kibanda changu cha chai, akawa anafundisha vijana wanaotaka kuongoza watalii.

Alifundisha kama wazee wetu wanavyobariki pombe: mmoja anatoa, wote wanaitikia. Yeye anataja kimoja, wao wanataja vingi.

"Larva," anasema, yaani funza.

"Larvae," wanaitikia.

"Vertebra," pingili ya mgongo.

"Vertebrae."

Asubuhi hadi mchana. Wateja wangu walikunywa chai wakijua wingi wa funza.

Binti yangu Goodness alikaa benchi la mbele. Alikuwa ametoka Mang'ola kuchambua vitunguu, mgongo umepinda kama wa bibi. "Mama," aliniambia, "nikikosa kazi hii, narudi vitunguuni." Alikariri mpaka akawa anaitikia usingizini.

Siku ya usaili alirudi mapema mno. Akakaa karibu na jiko bila kuvua viatu.

"Walikuuliza nini?"

"Alga ni nini."

"Ukasema?"

"Nikasema algae."

"Halafu?"

"Nikasubiri neno linalofuata. Wakatazamana. Wakajaribu vertebra, nikasema vertebrae. Mama, mdomo ulikimbia wenyewe."

Walimwambia arudi baada ya masika, akiwa amejifunza kuongea na mtu. Mwaka uliotangulia Fabian wa jirani, aliyesoma darasa hilohilo, naye alirudi hivyohivyo, na leo anapakia magunia ya vitunguu kwenye malori. Tulimcheka Fabian. Tulidhani ni mzito.

Nilizunguka nyuma na unga mikononi.

"Mwalimu, alga ni nini?"

"Algae," akajibu, haraka.

Nilimtazama. Akasikia alivyojibu. Masikio yakamshuka.

"Mama Goodness, ni mmea mdogo wa majini. Flamingo wanaula."

"Umeuona?"

"Kitabuni."

"Kreta umeshawahi kushuka?"

Akaanza kufuta ubao uliokuwa hauna kitu. Magari ya watalii yanayokwenda kreta, lile shimo la volkano lenye ziwa la flamingo, yanamtimulia vumbi kila asubuhi tangu Goodness hajazaliwa, na mtu huyu hajawahi kuuliza yanakwenda kuona nini.

"Sikuwahi kupata sababu," alisema.

"Sababu ni watoto wa watu. Unawajaza maneno kama magunia, halafu unawashona mdomo."

Sulemani, dereva wa watalii, hunywa chai kwangu. Nilimfuata palepale.

"Sule, kuna mzigo wa kushusha kreta."

"Kilo ngapi, dada?"

"Mwalimu mmoja na binti yangu."

"Binti nambeba. Mwalimu si ataniombea rozari njia nzima?"

"Muache aombe. Anazo dhambi."

Akaongea na bosi wake, vibali vikapatikana. Walirudi jioni, Bartolomeo nyusi zimejaa vumbi. Chai niliyomwekea ilipoa.

"Mmea ule unanuka, Mama Goodness," alisema. "Ukingo mzima wa ziwa ni ute wa kijani. Flamingo wanaingiza kichwa majini juu chini, wanachuja. Na ule wekundu wao unatokana na chakula hicho."

Nikaondoa kikombe. Nilikuwa bado na hasira, na nilitaka aione.

Kesho yake nilisikia nyuma ya mbao: "Alga."

"Algae," darasa likaitikia.

"Acheni. Goodness, simama. Mimi ni mgeni, nimetoka mbali, sijui kitu. Nieleze."

Nilitega sikio hadi chapati ikaniungulia. Kisha nikamsikia mwanangu: "Karibu sana. Kabla hujawaona flamingo utasikia harufu. Usizibe pua, kinachonuka ndicho chakula chao."

Baada ya masika alirudi kwenye usaili. Wakamchukua kwa majaribio. Bartolomeo alikuja kunipongeza, amevaa shati la Jumapili, anacheka kama baba wa bibi harusi. Nilimwekea chai bila sukari.

"Wangapi, mwalimu?" nikamuuliza. "Kabla ya huyu wangu, wangapi walirudi kimya, na sisi tukawacheka?"

Kicheko kikakatika. Aliinywa chai ile chungu mpaka mwisho, na sikumsogezea kopo la sukari. Alipoweka kikombe chini akatoa simu mfukoni.

"Namba ya Fabian unayo?"

Nilimtajia. Alipiga akiwa amesimama palepale mbele yangu.