Siku Niliyombadilishia Mama Fuvu Lake

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Sitafuti mchawi.

Mama yangu alilishika fuvu la mtu, akalipapasa juu ya jicho. Kisha akauliza taratibu, "Huyu ni nani?"

Fuvu halikujibu. Wa kujibu nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa natazama dari.

Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Aniello. Naishi Torino na mke wangu Loredana, binti yetu Mirella, na mama. Kiangazi kile tulishuka Napoli kutembea, mji tuliozaliwa mimi na mama.

Loredana ni mtu wa kaskazini, kwa hiyo alitaka kuona kila ngome na kila kanisa. Asubuhi tukapanda ngomeni, tukapiga picha, tukala pizza za kukaangwa mpaka mafuta yakatutiririka viwikoni.

Mama alikaa ameipa bahari mgongo. Tangu meli ya mizigo ya kaka yangu Rosario izame mbali huko, na mwili wake usionekane, mama haitazami bahari. Tumeshazoea.

Yeye alitaka kitu kimoja tu: kwenda pangoni, kwa fuvu lake.

Msishtuke. Kwetu Napoli, chini ya mitaa ya maskini, kuna mapango yaliyojaa mifupa ya watu wa zamani. Tauni iliwafagia, wakatupwa humo bila majina. Wanawake wa mjini huchagua fuvu moja, wanalifuta vumbi, wanaliwashia mshumaa, wanaiombea roho yake ipumzike.

Roho nayo haili bure. Inakuja ndotoni na namba za bahati nasibu.

Ikizembea, unabadilisha. Bibi yangu mzaa baba aliwafukuza kazi watatu.

Sasa mama yangu alikuwa na lake lile lile miaka nenda rudi, kila kiangazi analisafiria kutoka Torino, na hatujawahi kushinda hata sufuria. Nikasema moyoni, huyu mfanyakazi hewa leo nakula naye sahani moja.

Mama akabaki mlangoni akinunua mishumaa. Sisi tukatangulia.

Nililijua lilipo: chini ya msalaba, juu ya leso nyeupe aliyoidarizi mwenyewe. Nikalinyanyua.

"Baba Mirella," Loredana akasema, "acha maiti za watu."

"Mchezaji asiyefunga anakaa benchi," nikamjibu. Mirella akacheka. Mtoto akicheka, mimi huwa sina breki.

Nikaingia nalo njia ya pembeni, kwenye lundo linalofika kifuani. Nikachagua jingine, jeupe, meno yamejaa mdomo mzima, sura ya mtu mwenye bahati. Mara nikasikia viatu vya mlinzi. Lile la mama nikalisukumiza humo humo lundoni, bila kuangalia limeangukia wapi.

Nikarudi, nikamkalisha mgeni kwenye leso. Mama akaja, akapiga magoti, akatoa kitambaa chake.

Mengine nimeshawaambia. Fuvu lake lilikuwa na kibonyeo juu ya jicho la kushoto. Kidole chake kilikuwa kinajua njia.

Nikakiri. Nilikiri huku nacheka, kama mtu anayesubiri wenzake nao wacheke.

Hakucheka mtu.

Mama aliinuka akaenda lundoni, akaanza kupapasa. Fuvu moja, jingine, jingine. Mikono ikawa myeupe kwa vumbi kama ya mpishi wa mkate. Mimi nikapapasa, Loredana akapapasa. Kila tulichogusa kilikuwa na kibonyeo, au hakikuwa nacho, hatukujua tena. Mirella akaanza kulia, anaomba twende hotelini.

Mlinzi akaja kusema wanafunga. Loredana akambembeleza, akatuongezea muda kidogo. Ukaisha nao. Mama akanyanyuliwa, leso yake mkononi, tupu.

Nje, kwenye ngazi, badala ya kufunga mdomo nikaanza kujitetea. Mzaha ni tabia yangu. Ndio umenivusha kwenye shida nyingi. Siku ile ndipo nilipojua kwamba kabla hujacheka na kitu cha mtu, muulize kwanza anakililia nini. Nilijua nikiwa nimeshachelewa.

Nikamwambia mama kwamba hajawahi kupewa namba hata moja na fuvu lile. Kwamba nilitaka kumsaidia.

"Nani alikwambia namwomba namba?" akasema.

"Sasa unamwomba nini, mama? Ule ni mfupa tu. Hata wa nani haujulikani."

Akaikunja leso mara mbili, akaitia kifuani. Kwa mara ya kwanza siku ile akageuka akaitazama bahari, ilivyokuwa inaonekana kipande kule chini kati ya nyumba.

"Na Rosario huko aliko anajulikana ni wa nani? Mimi nilikuwa namfuta vumbi mtoto wa watu, ili na huko kwenye pwani za watu awepo mama mmoja wa kumfuta wangu. Sasa wewe muombe Mungu mama huyo asiwe na mtoto mchekeshaji."