Siku Mjomba Alipomkaribisha Mwenyeji

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa chumvi kwa jirani na kurudi nimeilamba, kwetu mtaa wa Buyenzi kulikuwa na jina moja lisilotajwa mtu akishakaribia maji. Mjini kila mtu alilitamka apendavyo: kiboko, au imvubu kwa Kirundi, na hakuna aliyeumwa. Lakini mkishayaona matete ya mto Rusizi, Bibi yangu alitaka mnyama yule aitwe Mwenyeji. "Jina lake ni mulango," alituambia. "Ukigonga, atafungua. Na we huna la kumwambia akishafungua."

Leo mimi ni mwanamke wa makamo. Nimezunguka nchi nyingi nikiuza vitenge, nimelala kwenye viwanja vya ndege ambavyo majina yake siwezi kuyatamka, na goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Kila safari nimeitengenezea kichekesho. Hiki cha Rusizi nacho huanza vizuri, watu wakacheka, halafu katikati kinanishinda mwenyewe.

Shangazi Mwajuma, dada mdogo wa Baba, aliolewa Tanga akiwa msichana. Mwaka ule alikuja na mumewe kwa mara ya kwanza ili amwonyeshe kwao. Sisi watoto tulimwita Mjomba, kwa kuwa hatukujua jina lingine la kumpa. Alikuwa mtu wa kanzu nyeupe, kofia ya vito na Kiswahili kilichotuaibisha wote. Alipomsikia Baba akisema "mutu" na "apana", alitabasamu kama anayesikia mtoto wa jirani akijifunza kusoma.

Kwa Bibi, mkwe alikuwa mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Hakumtazama usoni, hakuketi naye mkeka mmoja, na kumgusa, hata vidole kugongana kwenye kupokezana sahani, lilikuwa jambo la kuombea msamaha. Maneno yake yote kwake yalipitia kwa Shangazi.

"Mwajuma, muulize mumeo kama chai inamutosha."

Mjomba alikuwa ameketi palepale, amesikia kila neno. Alingoja kwa adabu mpaka Shangazi amuulize, ndipo akajibu, "Mwambie mama imenitosha, nashukuru." Na Bibi aliyekuwa amesikia alingoja naye. Kikombe kimoja cha chai kiliweza kupoa wakiwa bado wanaulizana sukari.

Baba alikuwa fundi wa magari, na kama mafundi wote, gari lake mwenyewe ndilo lililokuwa bovu. Alitupakia kwenye pikapu yake ya Pejo tukamtembeze mgeni. Asubuhi tulimpeleka kule kusini, Mugere, kwenye lile jiwe la wazungu wa zamani linalotazamwa na wageni wote. Mjomba alilizunguka, akarudi.

"Hili ni jiwe," akasema.

"Ndiyo, ni jiwe," Baba akajibu. "Ulitaka liwe nini, ndizi?"

Tulipofika ufukweni Mjomba alichota maji ya ziwa kwa kiganja, akaonja, akayatema. "Loo! Hii bahari mmesahau kuitia chumvi!"

"We oga tu, shemeji. Usilete mapishi."

Tulicheka hivyo mchana kutwa. Alasiri Baba akageuza gari kuelekea Rusizi, pale mto unapoingia ziwani, kwa sababu mgeni alikuwa na hamu moja kubwa. "Na hivyo viboko mnavyojisifia, mtanionyesha lini? Au navyo ni jiwe?"

Bibi aliyekuwa ameketi mbele, kanga imemfunika nusu ya uso, alishtuka. Aliusemesha mlango wa gari. "Mwajuma, mwambie mumeo jina hilo halisemwi huku. Huku tunasema Mwenyeji."

Shangazi alikuwa nyuma nasi pamoja na mumewe, upepo unamvuta ushungi, na bado alikuwa anacheka habari ya jiwe. Miaka ya Tanga ilikuwa imemfutia mambo mengi kichwani. Akamgeukia mumewe. "Mama anasema huku kuna wenyeji wake."

Neno lilipinda hapo. Mjomba akaweka kofia sawa. "Bila shaka. Tutawasalimu."

Baba alisimamisha gari karibu na maji kwa kuwa rejeta ilikuwa inatoa moshi. Akafungua boneti, akaanza kuitukana kwa Kifaransa. Palikuwa na nyasi fupi, matete pande mbili, na mtumbwi umevutwa mchangani. Mbali kidogo mvuvi alikuwa akishona wavu. Katikati ya matete palipita njia pana inayotoka ziwani, imelala laini kabisa. Mjomba aliipenda papo hapo. Akaenda kusimama katikati yake, mgongo kwa maji, mikono kiunoni.

"Tazameni usafi wa watu wa huku! Njia yote imefagiliwa. Mwajuma, nipige picha hapa."

Nilimwona Bibi, aliyekuwa ametandikiwa mkeka nyasini, akisimama. "Mwajuma, mwambie mumeo atoke. Ile njia ni ya Mwenyeji."

Shangazi alikuwa amefumba jicho moja, la pili liko ndani ya kamera. Mdomo wake ulifikisha ujumbe, masikio hayakuwepo. "Mama anasema njia ni ya mwenyeji."

"Nitampisha tu. Piga."

Nyuma yake maji yalijikunja. Yakatokea masikio mawili madogo, yakatikisika, yakazama. Yalipotokea tena yalikuwa karibu zaidi.

"Mwajuma! Mwambie mumeo Mwenyeji anatoka!"

"Mama anasema mwenyeji anatoka. Tabasamu basi."

Mtu aliyelelewa vizuri, akiambiwa mwenyeji anatoka, anageuka kumtafuta. Mjomba aligeuka. Hakuangalia majini, kwani ni mwenyeji gani anatoka majini? Alitafuta mtu ufukweni, akamwona yule mvuvi, akainua mkono juu kabisa. "Karibu, mwenyeji! Njoo tupige picha sote!"

Mvuvi alikuwa ameshaona. Alitupa wavu, akapunga mikono yote miwili akipiga kelele, "Imvubu! Imvubu!"

"Ati vumbi?" Mjomba akamjibu. "Hakuna vumbi, bwana! Hewa safi!"

Hapo ndipo mimi, mwenye sauti ambayo hadi leo inafukuza wateja na imefukuza wachumba wawili watatu, niliufungua mdomo. Sikufikiri. "Mjomba, kiboko! Kiboko!"

Sikujua kwamba huko kwao mwanaume akiitwa kiboko anasifiwa. Mjomba alinigeukia kwa furaha, akanyanyua kidole gumba. "Ndiye mimi, mwanangu! Tanga hiyo!"

Maji yakapasuka.

Watu hudhani mnyama yule ni mzito na mvivu. Alitoka ziwani kama ukuta ulioamua kukimbia, mweusi, anang'aa, na maji yanamshuka pande zote. Alipofungua mdomo niliona wekundu wa ndani, mpana kuliko mlango wetu, na meno marefu ya njano. Shangazi aliangusha kamera. Mjomba alikuwa bado ananitazama mimi, gumba liko juu.

Bibi hakumwambia tena mtu amwambie mtu. Aliiacha kanga ianguke akakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Alimpiga mkwewe kifuani kwa bega, kwa uzito wake wote, wakaanguka kwenye nyasi, Bibi juu, Mjomba chini, miguu imefungamana. Mdomo uliokuja kumkata Mjomba kiuno ukafunga penye mkono wa kulia wa Bibi.

Mkono ulitoa mlio wa mua unaovunjwa gotini. Mnyama akatikisa kichwa, na Bibi akanyanyuka hewani, akapigwa chini, akanyanyuka tena. Yeye hakulia. Aliyelia ni Mjomba, kilio kirefu chembamba, na huku analia alimkumbatia mama mkwe wake kiunoni kwa mikono miwili, akaganda, akavuta. Waliburutwa pamoja mpaka ukingoni, kanzu nyeupe yote imekuwa nyekundu.

Baba alikuja na gari boneti ikiwa wazi, haoni mbele, anapiga honi bila kuachia. Alimgonga yule mnyama ubavuni. Mdomo ukafunguka. Mnyama akageukia gari, akalitia kichwa, taa zikasagika na mlango ukaingia ndani kama kopo. Kisha akaukamata mtumbwi uliokuwa njiani, akautafuna ukawa vipande. Mvuvi alifika na kafi yake, akawa anampiga kwenye pua huku anamtukana mama yake na bibi zake wote. Baba alishuka na spana ya magurudumu. Kwa muda nilichoona ni mbao, damu, mchanga na migongo ya watu.

Majini kikalia kitu. Kichwa kidogo, kama cha ndama, kilikuwa kinatazama. Yule mnyama akasimama akisikiliza, akatuacha tulivyo, akarudi kwa mwanawe.

Tulifunga mkono wa Bibi kwa kanga ya Shangazi, au tuseme tulifunga pale ulipokuwa mkono. Mjomba naye alikuwa amechanwa pajani na hakujua mpaka tulipomwambia. Waliwekwa nyuma ya pikapu, kichwa cha Bibi mapajani kwa mkwewe, maana hakukuwa na nafasi nyingine na hakuna aliyekuwa na akili ya kupanga watu. Gari lilikwenda linachuruzika maji. Mimi nilishika miguu ya Bibi, ilikuwa baridi.

Njiani alifumbua macho. Aliona yuko wapi. Akageuza uso upande, na kwa sauti ndogo kabisa akasema, "Mwajuma, mwambie mumeo anisamehe. Nimemuangukia."

Shangazi alikuwa anakaza fundo la kanga kwa meno.

"Mama," Mjomba akasema, machozi yanamdondokea Bibi kwenye paji. "Nimesikia mwenyewe."

Hospitali walikata kilichobaki cha mkono, juu ya kiwiko. Buyenzi nzima ilikuja kumtazama, na kila aliyekuja alikuwa na maelezo yake. Mama mmoja jirani yetu, mtu mwema anayeleta uji na maneno katika sufuria moja, alinyoosha kidole kwangu. "Ni huyu mutoto alimwita kwa jina. Walisikia watu. Aligonga mulango, kafunguliwa."

Nilitaka kuingia chini ya kitanda. Siku mbili tatu niliamini kwamba mdomo wangu ndio uliokula mkono wa Bibi.

"Yampayinka, muache mutoto," Bibi akaapa kwa Kirundi bila kuinua kichwa kitandani. "Mwenyeji alikuwa ameshatoka. Jina lilimukuta njiani."

Jirani hakuridhika. "Na mukwe je? Si alimukaribisha?"

"Mukwe wangu ana adabu. Aliambiwa mwenyeji, akakaribisha. We ungefanya nini?"

Jirani akamimina uji.

Siku Bibi aliporuhusiwa kula chakula kigumu, Shangazi alikuwa ameenda nyumbani kufua. Chumbani tulibaki mimi, Bibi, na Mjomba anayechechemea. Wali uliletwa na maharage. Bibi aliutazama, akautazama na mkono wake wa kushoto, akaulaza tena juu ya shuka. Mkono ule hakuwahi kula nao maishani na hakuwa tayari kuanza. Mimi nilikuwa mdogo, nilijaribu kumlisha nikamwaga kifuani.

Mjomba aliinuka, akanawa mikono taratibu mpaka viwiko. Akavuta kiti mpaka kitandani. Alisema bismillahi, akafinyanga tonge dogo, akalinyoosha, akangoja.

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Na yeye alikuwa anajua anachokifanya. Mwishowe Bibi akaishika kanga kwa mkono wake wa kushoto, akaivuta ikafunika macho, pua, uso wote, ikabaki midomo tu. Akafungua kinywa.

Alimlisha sahani nzima. Na mimi, mara moja maishani mwangu, nilinyamaza.

Siku hizi ziwa limepanda na wanyama wale wanafika mpaka kwenye nyumba za watu walio karibu na maji. Vijana huwapiga picha kwa simu. Mimi nikiwa pale huanza kupayuka, kiboko, imvubu, hippopotame, kila lugha niliyonayo, mpaka watoto wa kaka yangu wanajifanya hawanijui. Nikitulia, najikuta namwita Mwenyeji moyoni. Watu huniuliza kama naamini kwamba jina linamwita mnyama. Huwajibu kwa mzaha, kwa sababu jibu la kweli sina.

Lakini Bibi aliamini, na aliamini mambo yote mawili kwa uzito uleule, kwamba jina lile halitajwi na kwamba mkwe haguswi. Hakuwa mtu wa kuchukulia mambo kirahisi. Alipomrukia Mjomba alijua anavunja kitu, na mnyama alipofunga mdomo, yeye alikuwa ameshakivunja. Aliishi miaka mingi baadaye. Kila Mjomba alipokuja kututembelea, Bibi aliketi naye, akalishwa naye, kanga ikiwa imefunika macho. Aibu niliiona usoni pake mpaka mwisho. Majuto sikuyaona hata siku moja.