Sauti Iliyosoma Amri

Kiti cha karibu na mashine ya kukaushia nywele hakikaliwi tena na mtu, na saluni ya Mauwa pale Porte de Namur, huku ughaibuni, iko kimya hata ikijaa wateja. Aliyekikalia, mtangazaji wa zamani wa redio, ndiye aliyekuwa akiijaza kwa sauti yake nzito, akiwasomea magazeti wanawake waliokuwa wakisukwa. Chochote alichotaka kusoma alikipitia kwanza kwa midomo tu, kiganja kikiwa kimelala juu ya karatasi, kisha akanywa maji ya uvuguvugu. Ndivyo alivyosoma amri za jeshi redioni kule kwao Uvira wakati wa vita: saa za kutotoka nje, barabara zilizofungwa, vijana wanaotakiwa kambini. Kaka yake Mauwa aliisikia sauti hiyo, akaenda, hakurudi. Mtangazaji alilijua hilo, na kila alipoingia alimsalimu Mauwa kabla ya wengine wote.

Vita viliporudi, wanaume wawili waliotumwa na jeshi walimfuata saluni na kinasa sauti na amri mpya ya kuwaita vijana. Aliipitia kwa midomo, akawarudishia.

"Papa, watu kule wanaamini sauti yako," mmoja wao alisema.

"Njo maana sitaisoma."

"Bon. Maman yako iko Uvira, eh? Nyuma ya soko?"

Mauwa aliacha kusuka. Mtangazaji alivaa koti, akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka shingoni.

"Alors, naenda kumuchukua."

Siku hiyohiyo alikata tiketi. Sasa amepanga chumba Kigoma mjini, ng'ambo ya mpaka, yeye na mama yake.