Mafuta ya Mapembe

Enzi zetu pikipiki ilikuwa mtu wa nyumbani. Najua nina miaka kumi na saba tu, na Baba akinisikia nasema "enzi zetu" atacheka mpaka akohoe, lakini wenzangu tuliocheza rede kando ya lami pale Kabuku mtanielewa. Watoto wa siku hizi wanajua bodaboda tu, na cheni ikilegea kidogo inakimbizwa kwa fundi kama mgonjwa wa kifafa. Sisi tulikuwa na Mapembe.

Mapembe ilikuwa pikipiki ndefu, ya chini, ya kukaa umeegemea kama mzee kwenye kiti cha uvivu. Baba aliipata mbovu kwa mtu aliyekuwa akihama kutoka shamba la mkonge, ikaja nyumbani juu ya pikapu huku vipande vya injini vikiwa ndani ya karai. Usukani aliuinua mwenyewe kwa mabomba ya kuchomelea, ukapanda na kupinda kama pembe za ng'ombe wa Kimasai, na hapo ndipo jina lilipotoka. Kiti alikishindilia nyuzi za katani, akakishonea turubai. Halafu akachomelea kibao upande wa kushoto, cha kuwekea miguu yote miwili. Kibao kile kilikuwa cha Bibi, mama yake Baba. Bodaboda za kawaida Bibi alisema hapandi kitu kinachotaka ngazi. Kwa Mapembe alikubali, ila kwa sharti lake.

"Mtu mwenye adabu hukaa upande," alisema, akajifunga khanga ya pili, akakaa kama yuko barazani.

Jumamosi ilikuwa siku ya matengenezo. Kazi yangu ilikuwa kushika sufuria bovu la nati na kusugua cheni kwa mswaki wa zamani uliolowekwa mafuta ya taa. Baba alisugua plagi kwa msasa, akapuliza, akairudisha, akaipiga Mapembe kiki, akainamisha kichwa kusikiliza. "Mashine haina mdomo, ina sauti," aliniambia kila wiki kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mchana tulikula ugali na mlenda, vidole vyangu vikinuka mafuta ya taa hata nikiosha kwa jivu. Nilikuwa mtoto wa kuona aibu sana, wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Lakini pale chini, kati ya Baba na magurudumu, sikuhitaji kusema chochote, nikajiona mkubwa.

Sasa tatizo la nyumbani kwetu lilikuwa moja: kila kitu kiliitwa mafuta. Ya kupikia mafuta, ya taa mafuta, ya kujipaka mafuta, na anayokunywa Mapembe mafuta pia. Petroli Baba aliinunua kwa Mama Hamisi, jirani yetu aliyeipanga mezani kando ya barabara ndani ya chupa za maji. Mama Hamisi alinipenda. Nikitumwa kwake alinipa kipande cha kashata bila kuniuliza maswali, na kwa mtoto mwenye aibu hiyo ni heshima kubwa.

Nilikuwa na miaka minane siku ile Baba alipojiandaa kumpeleka Bibi kwa dada yake Mashewa. Akiwa ndani anafunga viatu, akaniambia, "Mwanaidi, mama, mtilie Mapembe mafuta kidogo." Mlangoni pa jikoni ilikuwepo chupa ya maji yenye kitu cha njano. Nilitaka kuuliza, mafuta gani? Lakini Bibi alikuwa amesimama pale na wageni wawili, nikaona aibu. Nilikuwa na mafua, pua imeziba, sikusikia harufu yoyote. Nikafungua tangi nikamimina.

Ilikuwa alizeti ya Mama.

Tuliondoka watatu, mimi juu ya tangi, Bibi nyuma upande. Kabla hatujafika mbali tulianza kuacha moshi mweupe. Bibi akasema, "Hee, mbona mnyama wenu ananukia maandazi?" Baba akacheka. Mimi sikucheka, maana ndipo nilipoelewa. Tulipopita Segera, Mapembe ikakohoa mara tatu ikazima. Fundi wa pale alikamua tangi, akasugua kile kitu kati ya vidole, akasema wazi kwamba Baba ameuziwa mafuta yaliyochanganywa. Nikanyamaza. Bibi alimalizia safari kwa gari la mizigo, amekaa upande vilevile.

Jioni Baba alikwenda kwenye meza ya Mama Hamisi. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika shati lake.

"Dada, mimi wa kuniuzia mchanganyiko?"

"Baba Mwanaidi, mafuta ninayokuuzia wewe ndiyo ninayomwuzia imamu."

"Basi imamu naye siku moja atatembea kwa miguu."

Watu walicheka. Mama Hamisi hakucheka. Alinitazama mimi, si Baba, nikaangalia chini. Ile chupa ya petroli niliyopaswa kuimimina niliikuta nyuma ya mlango, nikaenda kuimwaga nyuma ya choo, na mpaka leo mahali pale majani yanaota kwa kusitasita. Mama alipoulizia alizeti yake nilisema imemwagika, na huo ulikuwa ukweli nusu. Miaka tisa Baba na Mama Hamisi wamesalimiana kama watu wanaopishana kituo cha afya. Petroli Baba aliifuata mbali. Kashata ikaisha.

Bibi tulimzika mwaka jana. Labda ndiyo maana likizo hii, niliporudi kutoka shule Korogwe, nilishindwa kuendelea kunyamaza. Jumamosi iliyopita, nikiwa nasugua cheni ya Mapembe kama zamani, nilisema nikiwa nimeinama, kwa sauti ya mbu: "Baba, siku ile nilitia alizeti."

Baba aliweka spana chini. Nikaisikia lami nzima ya Kabuku ikipita. Halafu akasema, "Kwa hiyo mama yangu alikuwa sahihi. Maandazi." Akafuta mikono, hakuwasha injini. Aliisukuma Mapembe akitembea kwa miguu mpaka kwenye ile meza, nami nyuma yake, safari hii bila kushika shati.

"Shikamoo, mama," nilianza mimi, nikamweleza yote.

Mama Hamisi aliitikia marahaba, akamgeukia Baba. "Leo nikupe ipi, baba? Ya kukaangia au ya kuendea?"

Baba alinunua chupa mbili, akaomba radhi mbele ya wateja. Mimi nilipewa kashata, nikaila kwa aibu, msichana wa kidato cha nne.

Enzi zile neno moja lilitutosha kwa kila kitu. Siku hizi Baba akinituma anataja kwa kirefu, petroli, oili, alizeti, taratibu kama anayemfundisha mgeni, na sijui kama ni adhabu au utani. Tuliporudi aliniambia nipande. Nilikaa upande, miguu yote kwenye kibao, na nikakuta katani za kiti tayari zimebonyea pale pale, kwa umbo la mtu mwingine.