Figo za Mama
Mama aliosha mawe ya madini katika mto Musonoi, Kolwezi, miaka kumi na moja, maji yakimfika magotini. Alipovimba uso na miguu, daktari mkuu wa kliniki alimwambia mbele ya foleni nzima kwamba figo zake zimechomwa na lutuku. Mama alikuwa shemasi. Pombe ile hakuwahi kuionja. Maneno yalifika kanisani, akavuliwa ushemasi, akafa akiwa hasalimiwi. Chuki yangu kwa mtu yule ndiyo iliyonisomesha kemia.

Nilirudi Kolwezi na kazi ya chuo kikuu: kupima mikojo ya wanawake wanaoosha madini, kujua kama sumu ya madini ndiyo inayoharibu figo zao. Figo inapoumia hubadilisha vipande vya protini, viitwavyo peptidi, vinavyotoka na mkojo. Lakini ni vichache, na vimezama katika chumvi na uchafu. Nilikuwa natia kichupani chembe za chuma, ndogo kiasi kwamba hadubini ya hospitali haizioni, zilizopakwa kitu kinachonasa peptidi. Nikiweka sumaku ubavuni, chembe zote huganda upande mmoja pamoja na zilichonasa, nami namwaga kilichobaki. Kisha nazibandua peptidi, nazikausha, nazituma ng'ambo kwenye mashine inayopima uzito wa molekuli.

Daktari alikuwa bado kazini, akiishi karibu na mashimo yaleyale ya madini. Kwenye kikao cha kwanza cha utafiti alisema wanawake hao ni walevi, tunapoteza wakati. Hakunitambua.

"Mutupatie na mukojo yenu, Tata Munganga," nilimwambia kwa adabu. "Tunahitaji ya mutu mwenye hanywake pombe."

Akacheka, akatoa.

Majibu yalirudi baada ya miezi. Peptidi zake zilionyesha figo zilizoumia kama za wanawake wale. Nilikuwa nimeapa kutunza siri ya kila aliyepimwa, na majibu yake nilitakiwa kumwambia faragha. Badala yake nilimsomea mbele ya wauguzi wake na wanawake wote.

Aliketi. Kwa sauti ndogo akauliza, "Weye uko mutoto ya nani?"

Nikamtajia Mama, kanisa lake, mwaka aliomwaibisha. Akasema hamkumbuki.

Chuo kiliniondoa kwenye utafiti juma lilelile, na kilikuwa na haki. Mwenzangu wa chuoni anaendelea na wale wanawake; sasa wanatibiwa figo bila kuulizwa habari za pombe. Daktari husafishwa damu kwa mashine huko Lubumbashi. Watu huniuliza kama namhurumia. Huwa najaribu, kisha nakumbuka alivyosema hamkumbuki, na huruma inakataa kuja.